Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Kazi ya Kupulizia Mikorosho na Hesabu Zake

(Hotuba iliyosomwa Kiegei mbele ya wanachama na viongozi, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Sherehe ya miaka kumi ni siku ya furaha, na ngoma zimelia tangu asubuhi. Lakini mkulima, hata akiwa ngomani, jicho lake moja li shambani. Kwa hiyo mtuwie radhi tukiwarudisha shambani kitambo kidogo. Sisi tunaosema ni wale mnaotuona alfajiri tukipita na mashine mgongoni, nguo zetu zikiwa za manjano kwa salfa. Ndiyo kazi yetu, kupulizia mikorosho yenu. Neno tulilokuja nalo ni moja tu: kwamba kazi hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja mmoja, na tena haiwezi kudumu bila hesabu ya kweli.

Kwanza yafaa tukumbushane tulikotoka. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kiasi cha tani 145,000, na nchi yetu ilihesabiwa miongoni mwa mabingwa wa zao hili duniani. Baada ya miaka kumi na mitatu tu, katika msimu wa 1986/87, mavuno ya nchi nzima hayakufika hata tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo. Watu wengi walihamia vijijini katika miaka ya 1970 wakaiacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na pori. Na juu ya hayo yote uliingia ugonjwa wa ubwiri unga, ambao wataalamu waliandika habari zake hapa kusini mwaka 1979. Wazee waliomo humu wanakumbuka: maua yalitoka kama kawaida, yakavikwa unga mweupe, yakakauka, yakaanguka. Mtu alikwenda shambani na kikapu akarudi na kikapu kitupu.

Wataalamu wa Kituo cha Utafiti cha Naliendele, Mtwara, hawakukaa kimya. Walitufundisha kuifukuza kuvu hiyo kwa unga wa salfa, kusafisha mashamba, kuikata mikorosho mizee na kuibebesha vikonyo vya miche bora. Polepole mavuno yakainuka, hata katika msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 313,000. Basi asitokee mtu wa kusema kuwa mkorosho ni mti wa Mungu usiohitaji mkono wa mtu. Mkorosho usiolindwa huzaa majani na kivuli.

Sasa natuutazame ugonjwa wenyewe, maana adui asiyejulikana hapigwi. Ubwiri unga ni kuvu inayopenda vitu vichanga: majani machanga, vikonyo vya maua, na mabibo yanayoanza. Hupenda usiku wa baridi na umande, na hiyo ndiyo hali ya hewa yetu tangu Juni hata Septemba, wakati ule ule mikorosho inapotoa maua. Wakati usio wa maua kuvu hiyo hujificha katika machipukizi yanayoota ndani ya mti, kivulini. Mbegu zake ni vumbi jepesi lisiloonekana kwa jicho, na upepo ndio gari lake.

Ndugu wanachama, lishikeni neno hilo la upepo, kwa kuwa ndilo shina la hotuba yetu. Upepo haujui mpaka wa shamba. Hausomi daftari la chama ukajua nani amelipa na nani hajalipa.

Tulilijifunza jambo hili kwa hasara. Tulipoanza kikundi chetu hapa Kiegei, tulikuwa vijana wachache na mashine mbili. Sharti letu lilikuwa fupi: mwenye fedha tunampulizia, asiye na fedha tunampita. Tuliona huo ndio ubiashara. Palikuwa na mama mmoja mjane, mikorosho yake iko katikati ya mashamba ya watu waliotulipa. Alituomba tumpulizie, naye atalipa akiuza. Tukamwambia kwamba petroli haikopeshwi. Msimu ule mikorosho yake ikawa myeupe kama iliyomwagiwa unga wa muhogo, na kila asubuhi tulipopulizia mashamba ya majirani, jioni upepo ulivuka kutoka kwake ukayaambukiza upya. Wale waliotulipa walipoona maua yao yanakauka pembezoni walituita wezi, wakasema salfa yetu ni majivu. Na yule mama, kwa kuwa alihitaji fedha ya chakula na hakuwa na tumaini la mavuno, aliziuza korosho zake chache zingali maua.

Mnajua aliziuza vipi. Aliuza kwa kangomba. Mnunuzi wa gizani alimpa fedha kidogo mwezi wa Juni, akaja kupima kwa bakuli lake mwezi wa Oktoba. Basi sisi tulikataa kumkopesha petroli ya mikorosho michache, na kwa kukataa kwetu tulimkabidhi kwa mtu aliyemkopesha kwa bei ya mavuno yake yote. Tangu siku hiyo hatujaona haya kusema hadharani kwamba kosa lilikuwa letu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na shamba moja lililoachwa katikati ya mengine ni chawa katika nguo ya kijiji kizima.

Msimu uliofuata tuligeuka. Tulikubaliana na chama cha msingi kwamba tutapulizia kwa mtaa, si kwa mtu: mashamba yanayopakana yaingie zamu moja, ya tajiri na ya maskini, na asiye na fedha atiwe katika daftari alipe baada ya mnada. Tuliona dalili njema upesi: mashamba ya katikati yalipopona, ya pembeni nayo yalitulia. Lakini hapo tukaingia katika shimo la pili, nalo ni shimo la hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi habari zetu zilitujia mashine zilipokwisha kufa.

Tuwape mfano, nao ni mfano tu. Kila kikundi kiweke bei zake chenyewe. Tuseme mashine moja imenunuliwa kwa shilingi 900,000 nayo yatazamiwa kufanya kazi misimu mitatu. Kila msimu, basi, inakula shilingi 300,000. Tuseme katika msimu inahudumia mikorosho 600, mizunguko mitano, yaani mipulizo 3,000. Kila mpulizo wa mti mmoja umekula shilingi 100 ya mashine peke yake, kabla hujatia hata tone la petroli. Petroli na oili, tuseme shilingi 80. Ujira wa mpulizaji na msaidizi wake, shilingi 200. Vipuri, kama plagi, kabureta na mipira, shilingi 60. Barakoa, glavu, miwani na sabuni, shilingi 20. Usafiri wa kuchukua salfa ghalani, pamoja na karatasi za karani, shilingi 40. Jumla yake ni shilingi 500.

Sisi je, tulifanyaje? Tulihesabu petroli na ujira tu, tukapata 280, tukatoza 300, tukashangilia kwamba kila mti unatuletea faida ya shilingi 20. Kwa mipulizo 3,000 tuliona shilingi 60,000 koponi, tukagawana. Hatukujua kwamba kila mti ulikuwa ukila shilingi 220 tusizoziandika, na kwamba kwa msimu mmoja tulikuwa tumekula shilingi 660,000 za mashine, za vipuri, na za afya zetu. Ukitoa zile 60,000 za koponi, hasara halisi ni shilingi 600,000. Mashine haipigi kelele inapoliwa. Husimama siku moja tu, katikati ya mzunguko wa tatu, maua yakiwa wazi.

Na mashine ikisimama siku hiyo, hasara si ya mwenye mashine. Salfa ni kinga zaidi kuliko tiba. Hulilinda ua lililo zima; haliamshi lililokufa. Mzunguko ukichelewa, kazi ya mizunguko iliyotangulia yaweza kupotea. Kwa hiyo plagi moja isiyopatikana kwa wakati yaweza kumgharimu mkulima magunia.

Wazee wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa habari za mashine zilizosimama. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walileta katika nchi yetu ule mpango mkubwa wa karanga, huku Nachingwea, na kule Kongwa na Urambo. Bandari ilijengwa Mtwara, na reli ikapasua msitu hadi huku kwetu. Fedha zilimwagwa kama maji. Lakini kule Kongwa matrekta mengi yalikuwa makuukuu ya vita, yakasimama kwa kukosa vipuri na mafundi, na ardhi ikawa ngumu kuliko ilivyodhaniwa, na mvua ikawa haba. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikafungwa, ikang'olewa. Ikiwa dola kubwa iliangushwa na hesabu mbaya na mashine zisizo na vipuri, kikundi cha vijana wa Kiegei kitasalimikaje bila daftari?

Pana ndugu watakaotuambia: “Mbona siku hizi Serikali inatoa salfa? Gharama ya nini tena?” Twaishukuru Serikali kwa moyo wote. Kwa msimu wa 2017/18 iligawa salfa bure, na katika misimu ya karibuni imetoa pembejeo kwa ruzuku kwa njia ya Bodi ya Korosho. Lakini salfa iliyo ghalani haijipulizii yenyewe. Mfuko uliofika bure bado wataka mashine, petroli, mtu anayeamka saa tisa za usiku, na karani wa kuandika umekwenda kwa nani. Tena mfuko wa bure usio na daftari ndio upesi kuuzwa sokoni. Yatupasa kuelewa kwamba dawa ni kitu kimoja na huduma ni kitu cha pili. Na huduma ndiyo inayokosekana mara nyingi.

Sasa twaomba tuseme maneno machache juu ya kazi yenyewe, maana anayelipa ana haki ya kujua analipia nini.

Kazi ya kupulizia haianzi na mashine. Huanza na panga. Kabla ya msimu, mwenye shamba apalilie, apunguze matawi yanayosongamana, akate machipukizi ya ndani yenye ugonjwa. Asiyefanya hivyo amemlisha adui kisha anatuita tumpige. Sisi tumeweka sharti: shamba lisilosafishwa haliingii zamu mpaka lisafishwe, na mzee au mgonjwa asiye na nguvu husaidiwa na kikundi.

Pili, saa ya kazi. Unga wa salfa hupulizwa usiku wa manane mpaka alfajiri, hewa ikiwa imetulia na umande uko juu ya majani, ili unga ushike. Mpulizaji anayekuja saa nne za asubuhi, upepo umeamka, huyo anapulizia barabara. Msimpokee, hata akiwa mmoja wetu.

Tatu, si kila ugonjwa ni ubwiri unga. Yupo yule mdudu tunayemwita mbu wa mikorosho, asiyeuma watu bali hufyonza machipukizi machanga yakawa na madoa meusi na kukauka. Salfa haimwui. Yeye hutaka kiuatilifu cha wadudu, na hicho hupulizwa pale tu ukaguzi unapoonyesha kwamba yupo. Tena anao adui wake wa asili, wale siafu wekundu wa mitini tuwaitao maji moto. Watafiti wetu wamethibitisha kuwa mkorosho wenye maji moto wengi hulindwa nao. Mpulizaji mwaminifu akiona mti umejaa maji moto na machipukizi mazima, humwambia mwenye shamba: “Mzee, hapa weka fedha yako mfukoni.” Anapoteza ujira wa siku moja, anapata imani ya miaka mingi. Na nyuki nao wakumbukwe, maana ua lisilotembelewa na mdudu halizai.

Nne, salfa nayo ina deni lake. Wataalamu wa Naliendele wameonyesha kwamba salfa ikimwagwa mwaka hata mwaka huongeza uchachu wa udongo. Kumwaga kupita kipimo si ukarimu. Ni kuikopa ardhi ya watoto wetu. Kipimo ni kile alichokitoa Bwana Shamba na kile kilichoandikwa juu ya mfuko.

Tano, miili ya wapulizaji. Tulikuwa tukifunga kitambaa puani na kujiona mashujaa. Mwenzetu mmoja alilala siku tatu macho yamevimba, kifua kikimkereketa, na mke wake akitukanusha mlangoni. Tangu hapo hakuna anayevaa mashine bila barakoa, miwani, glavu na nguo ndefu, na kuoga ni sharti kabla ya kugusa chakula au kumbeba mtoto. Makopo ya dawa hutobolewa yasichotewe maji. Kadhalika, tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, nchi yetu inayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye dhamana ya kusimamia dawa hizi. Dawa isiyosajiliwa, iliyofungwa katika chupa ya soda, isinunuliwe hata kama muuzaji ni shemeji.

Bwana Mwenyekiti, tukirudi kwenye fedha, tuseme wazi juu ya makato. Mkulima aliyepuliziwa kwa mkopo hulipa kwa makato baada ya mnada. Ni njia nzuri, maana humtoa katika mkono wa kangomba. Lakini makato yasiyoelezwa hugeuka kuwa kangomba ya pili, yenye muhuri. Mtu akiona fedha yake imepunguzwa na hajui kwa nini, hatauliza. Mwaka ujao ataupitisha mzigo wake njia ya panya. Kwa sababu hiyo sisi tunampa kila mkulima kadi. Juu ya kadi huandikwa idadi ya miti, tarehe ya kila mzunguko, dawa iliyotumika, na jina la mpulizaji. Naye mkulima hutia sahihi au dole gumba siku ile ile. Mzunguko usiotiwa sahihi haukatwi. Na mwisho wa msimu daftari husomwa kwa sauti mbele ya mkutano, mapato na matumizi, hata ile fedha ya sabuni.

Yule mama mjane tuliyemtaja alikuwa wa kwanza kutia dole gumba. Baada ya mnada alilipa deni lake lote, na fedha iliyobaki aliipokea mwenyewe, kwa kipimo cha mizani, si cha bakuli.

Kwa kumalizia, twaleta maombi matatu kwa Chama Kikuu kinapoanza miaka kumi mingine. La kwanza, ghala la vipuri na fundi mmoja aliyefundishwa vema, awe karibu nasi tangu Mei hata Oktoba. La pili, bei ya kupulizia ipangwe kabla ya msimu, baada ya hesabu kufunguliwa mezani, wapulizaji na wakulima wakiwapo, isiwe ya kumwua mkulima wala ya kuiua mashine. La tatu, kila chama cha msingi kitenge akiba kidogo ya kuwakopesha wasio na fedha mwezi wa Juni, kwa kuwa mwezi huo ndio kangomba hupita nyumba kwa nyumba, nasi lazima tumtangulie mlangoni.

Sisi wapulizaji nasi twaahidi yaliyo yetu: kuamka mapema, kupima kwa haki, kusema kweli pale dawa isipohitajika, na kuandika kila shilingi.

Ndugu zetu, upepo utavuma tena Juni hii kama ulivyovuma tangu zamani, ukivuka kutoka shamba la mmoja kwenda la mwingine. Hatuwezi kuuzuia. Tunaweza tu kuhakikisha kwamba popote utakapotoka, unatoka katika shamba safi.